Mchezo wa Redio Hauhubiri: Fundisho kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Yamekuwapo mazoea katika shule zetu ya kumaliza kila igizo kwa mwalimu kusimama na kutamka, "Basi watoto, leo tumejifunza kwamba..." Kwa maoni yetu mazoea hayo huliua igizo, na watunzi wa michezo ya redio walikwisha kutuonyesha njia iliyo bora.

Tuchukue mfano wa Twende na Wakati, mchezo ulioanza kutangazwa Julai 1993 na iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, mara mbili kwa juma, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Utaratibu wake ulitokana na kazi ya Miguel Sabido, mtunzi wa michezo ya televisheni wa Meksiko, ambaye mwaka 1975 aliutumia mchezo kuwavuta watu wazima kwenye madarasa ya kusoma na kuandika. Sabido aliwagawa wahusika mafungu matatu: watenda mema, watenda mabaya, na wale wanaositasita katikati. Fungu la tatu lina uzito mkubwa, maana humo ndimo msikilizaji wa kawaida anamojiona.

Mkwaju, dereva wa lori katika mchezo huo, alikuwa mlevi mwenye mahawara njiani. Watunzi hawakumkatiza kwa mahubiri. Walimwacha aende zake, kipindi baada ya kipindi, hata matendo yake yakamrudia akapata UKIMWI. Hukumu waliitoa wasikilizaji.

Je, sanaa hiyo ilibadili lolote? Kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo tangu 1993 hadi 1995, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha. Walipopima, waliona kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yameongezeka zaidi mahali uliposikika. Waliona pia kwamba wasikilizaji wengi waliyajadili mambo ya mchezo na wenzi wao na rafiki zao. Bila shaka mjadala huo ulikuwa sehemu ya dawa.

Sasa tulete fundisho hilo darasani. Tuseme mwanachuo yuko katika mazoezi ya kufundisha huko Kasense, na somo lake ni akiba ya chakula. Atundike kitenge, waigizaji wakae nyuma yake, wasikike bila kuonekana. Baba amevuna. Tunasikia mahindi yakimiminwa ndani ya debe, na mlanguzi akitaja bei. Mama anasita, baba naye anasita, kwa kuwa watoto hawana sare za shule. Mwishowe anauza yote. Kisha ni mwezi wa Februari, mvua inanyesha, na mkono unagonga debe tupu. Igizo liishie hapo.

Mlio wa debe hilo watoto wa Ufipa hawahitaji kufasiriwa. Mwalimu na aulize: "Baba huyu angeweza kufanya nini kingine? Na sare je?" Hapo ndipo wanafunzi watakapobishana, wakipima shida moja dhidi ya nyingine kama wanavyopima wazazi wao.

Huenda msomaji akahofu kwamba watoto wasipoambiwa watatoka na fundisho potofu. Hofu hiyo ina msingi. Hatusemi mwalimu anyamaze kabisa: mtoto akikosea jambo la hakika, kama vile namna ya kuhifadhi nafaka, hapana budi asahihishwe. Lakini kukosoa jambo la hakika ni kazi moja, na kumnyang'anya mtoto hukumu yake ni kazi nyingine. Mtoto aliyezoea kupewa hukumu tayari ataishika siku ya mtihani tu. Siku mlanguzi atakapomjia shambani, mwalimu hatakuwapo.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, unapotayarisha andalio la somo lenye igizo, penye hitimisho usiandike fundisho. Andika maswali mawili, kisha wape watoto muda wa kutosha wa kuyajibu.