Fahali Wawili Zizi Moja

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi wa Bangale, tuliokulia katikati ya ng'ombe, twaijua maana yake bila kufundishwa. Lakini juzi kulizuka mjadala mkali chamani, nikaona methali hii inazihusu hata tarakilishi.

Wenzangu walidai hivi: alama na karo zetu zimo ndani ya mashine moja ofisini. Ikiungua, tumekwisha! Basi ziwe mbili, zote ziandike, kila moja iipelekee nyingine nakala, na moja ikizimika nyingine ishike usukani papo hapo. Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga. Nakubali ziwe mbili. Ninalopinga ni zote mbili kuwa fahali.

Nina sababu. Duka moja hapa kwetu lilikuwa na daftari mbili za madeni, ya mzee na ya mwanawe, nao walizilinganisha kila jioni. Novemba 2023 mafuriko yalipoikata barabara kati ya Madogo na Garissa, mzee alikwama ng'ambo na daftari yake. Sisi tulidaiwa shilingi 1,200. Mjomba akamlipa huko huko Garissa. Mzee akaandika sufuri. Huku Bangale mama akakopa unga wa shilingi 900. Kijana akaandika 2,100. Mzee aliporudi, lo! Kila mmoja alishika daftari yake na kuapa. Kweli ilikuwa 900, wala haikuwa katika daftari yoyote. Siku tatu tulinyimwa unga mpaka mjomba alipofika.

Usidhani hayo ni ya kijijini tu. GitHub, kampuni ya Marekani inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, ilipatwa na yayo hayo tarehe 21 Oktoba 2018. Mafundi walikuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao, mawasiliano ya pwani ya mashariki yakakatika kwa sekunde 43 tu. Usukani ukahamia seva za magharibi. Kumbe mashariki kulibaki maandishi yasiyofika upande wa pili. Katika hifadhidata moja yalikuwa 954. Magharibi nako kukaandikwa mengine. Kupatanisha kulichukua zaidi ya saa 24.

Sasa tufanyeje? Kwanza, mkuu awe mmoja. Ya pili ipokee nakala tu, nayo ikae jengo jingine, si meza moja. Pili, naibu asijitawaze peke yake. Pawe na mashine ya tatu, hata ndogo, iwe shahidi: wawili kati ya watatu wakikubaliana kwamba mkuu haonekani, ndipo naibu ashike. Na mkuu aliyetengwa aache kuandika mara moja. Tatu, kila muhula tumzime mkuu makusudi, tuone kama naibu anaamka kweli.

Kuna aliyesema mashine moja itoe stakabadhi za nambari witiri na nyingine shufwa, mambo yawe safi. Sawa, nambari hazitagongana. Lakini salio la karo la mwanafunzi mmoja bado laweza kuandikwa pande mbili, kama deni letu. Je, atakayefukuzwa darasani kwa karo aliyokwisha lipa ni nani? Si mashine, jamani, ni mimi na wewe.

Mtaniambia kumngoja shahidi kunachelewesha kazi. Naam, kunachelewesha. Afadhali ofisi isimame dakika kumi kuliko kuwa na kweli mbili muhula mzima.

Wazee wetu wakati wa kiangazi hugawa mifugo, wengine nyumbani, wengine malisho ya mbali, ili ukame usiwamalize wote. Hiyo ndiyo busara ya nakala mbili. Lakini hawaachi kila mchungaji auze ng'ombe apendavyo.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye lake na alilete toleo lijalo.