Kupotea Osaka si ushamba!

Wadau, leo nina hasira kidogo, nivumilieni.

Tangu nirudi kutoka Japani, kila kijiwe ninachokaa nachekwa. Kosa langu? Nilisema ukweli kwamba nilipotea Osaka. "Yaani wewe mwandishi mzima unapotea Japani? Treni zinafika kwa dakika, vibao kila kona, mpaka Kiingereza kimeandikwa! Ushamba huo bwana." Nikinyamaza itaonekana wamesema kweli. Sinyamazi.

Kisa chenyewe hiki. Dada mmoja Mtanzania, anayefanya kazi huko miaka mingi, alikubali nimhoji kabla hajaingia zamu. Akanitumia ujumbe: "Tukutane stesheni ya Umeda, getini, saa nne asubuhi." Saa nne kasorobo nilikuwa nimeshasimama getini, na kibao juu ya kichwa changu kimeandikwa Umeda. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu ikapita. Simu yangu ilitegemea intaneti ya hotelini, kwa hiyo pale ilikuwa saa ya mkononi tu. Niliporudi hotelini nikakuta ujumbe wake: alinisubiri kwenye geti la Umeda nyingine, muda ukamwishia, akaenda kazini. Kesho yake nilikuwa na ndege. Mahojiano yakafa hivyo hivyo.

Umeda nyingine? Ndiyo! Hebu hesabuni na mimi. Kampuni ya JR ina kituo kinachoitwa Osaka, kilichofunguliwa mwaka 1874. Eneo kilipo linaitwa Umeda. Hapo hapo Hankyu wana kituo chao na Hanshin wana chao, na vyote viwili vinaitwa Osaka-Umeda. Chini ya ardhi, Osaka Metro wana vitatu: Umeda, Higashi-Umeda (ya mashariki) na Nishi-Umeda (ya magharibi). Hivyo ni sita! Vinaunganishwa na njia za chini zenye maduka kibao, unatembea bila kuona jua wala jengo la kukuonyesha uliko.

Na ukitoka Tokyo kwa Shinkansen, kituo cha Osaka hukifiki kabisa. Unashuka Shin-Osaka, yaani Osaka Mpya, kilichofunguliwa mwaka 1964 ng'ambo ya mto Yodo, kisha unapanda treni nyingine. Ukitoka uwanja wa ndege wa Kansai kwa treni ya Nankai, unaishia Namba, upande wa kusini. Na Namba nako usidhani kituo ni kimoja.

Sababu ni kwamba reli za jiji lile hazikujengwa na mkono mmoja. Kila kampuni ilileta njia yake, ikajenga kituo chake, ikakipa jina. Treni kufika kwa wakati ni jambo moja. Mgeni kujua asimame mlango upi ni jambo lingine kabisa. Wanaonicheka wanasifia la kwanza, wanadhani wamejibu la pili.

Wenyeji wenyewe wanalijua hilo. Vile vituo vya Hankyu na Hanshin vilikuwa vikiitwa Umeda tu. Mwaka 2019 vikaongezewa neno Osaka, ili mgeni aelewe kwamba hapo ndipo katikati ya jiji. Metro nao vituo vyao vina namba: Umeda ni M16, Higashi-Umeda T20, Nishi-Umeda Y11. Mnadhani namba hizo ziliwekwa kwa ajili ya washamba kutoka Tanzania peke yao?

Kwa hiyo lawama siwapelekei Wajapani. Nazileta kwetu sisi tunaoelekeza wageni kwa jina tupu, kisha wakipotea tunawacheka. Mwenyeji akishazoea, haoni tena ugumu ulipo. Hata Dar leo, ukimwambia mgeni "nikute stesheni", umemwambia ipi? Ya TAZARA, ya reli ya zamani au ya SGR?

Ukimwelekeza mtu Osaka, mpe vitu vitatu: kampuni, namba ya kituo, na geti. "Metro, Umeda M16, geti la kusini." Ni maneno machache tu, yanaingia kwenye ujumbe mmoja.

Nami nina kosa langu, nalikiri hapa. Ule ujumbe wa dada ulipofika, nilitaka kumuuliza, "Umeda ipi?" Tayari nilikuwa nimeona kwenye ramani kwamba majina yanafanana. Sikuuliza. Niliogopa ataniona mshamba.

Mmeelewa sasa kwa nini nina hasira? Kicheko chenu cha kijiweni mimi nilisafiri nacho mpaka Osaka, kikanifunga mdomo, kikaniponza. Kuuliza si ujinga, tumefundishwa tangu utotoni. Basi tuacheni tuulize.

Nawasilisha.