Mashahidi wa Kununuliwa

Tunapoandika swali kwenye Google, wengi wetu tunadhani jibu linalotangulia ndilo la kweli. Sivyo.

Larry Page na Sergey Brin walioanzisha Google mwaka 1998 waliijenga juu ya wazo jepesi: tovuti ikiweka kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye tovuti nyingine, inaishuhudia. Inayoshuhudiwa na wengi, hasa wenye sifa, inapanda. Wafanyabiashara hawakukawia. Wakaanza kuuza viungo kwa maelfu, na kufungua tovuti tupu ambazo kazi yake ni kuzisifu nyingine.

Mwezi wa Februari 2011 gazeti la New York Times lilionyesha kwamba J. C. Penney, duka kubwa la Marekani, lilitangulia wengine kwa magauni, matandiko na mazulia, likibebwa na maelfu ya viungo vilivyowekwa katika tovuti zisizohusika na vitu hivyo. Duka lilisema halikujua. Google ikalishusha hata hivyo. Tarehe 24 Aprili 2012 ikaleta Penguin, kanuni ya hesabu ya kuwatambua wadanganyifu wa namna hiyo bila kungoja gazeti.

Adhabu ilikuwa nzito. Aliyetaka kujirekebisha aliomba viungo viondolewe, kisha akangoja hesabu irudiwe. Wengine walingoja tangu Oktoba 2014 mpaka Septemba 2016. Tangu hapo Penguin inafanya kazi wakati wote, na mara nyingi viungo vya uongo havihesabiwi tu. Aliyevinunua amepoteza pesa yake.

Jambo hili linatuhusu. Parokia na shule zetu nazo zinafungua tovuti. Akija mtu na kusema, "Nipeni dola, nitawapandisha juu kwa wiki moja," wazee wa kanisa wamuulize: kwa njia gani? Kama ni kwa viungo vya kununua, sadaka ya wajane itakuwa imelipia ushuhuda wa uongo. Njia ya haki ni ndefu: andikeni habari za kweli za kazi yenu, na wanaowajua watawataja wenyewe.

Lakini tusiiachie mashine kazi ya kupambanua. Haiwakamati wote. Torati inadai mashahidi wawili au watatu, lakini inawaagiza pia waamuzi wachunguze sana kama shahidi ni mwongo. Wingi peke yake hautoshi. Google ilihitaji miaka mingi kujifunza hilo. Sisi tulikuwa nalo katika Biblia.

Basi, katika siku hizi za vita, kabla ya kutuma kwenye WhatsApp ya kwaya habari kwamba kijiji fulani kimeshambuliwa, tuulize: nani ameona kwa macho yake? Simu mia zinazorudia sauti moja ni shahidi mmoja tu. Na kwa neno la shahidi huyo, mama anaweza kubeba watoto usiku na kukimbia bure.