Java: ni bure kwa nani, na kwa masharti gani?

Mfanyabiashara anayenunua programu ya mauzo na stoo huuliza maswali mawili: bei yake kiasi gani, na je, itafanya kazi kwenye kompyuta nilizonazo? Fundi akijibu kwamba imeandikwa kwa Java, swali la pili huishia hapo. Tangu kampuni ya Sun Microsystems ilipoitoa mwaka 1995, sifa kubwa ya Java ni kwamba programu ikiandikwa mara moja hutumika kwenye Windows ya kaunta, Linux ya seva na hata Mac ya mkurugenzi.

Swali la tatu halisikiki madukani: hiyo Java yenyewe imewekwa kwa leseni ipi?

Java si moja. Novemba 2006 Sun ilitangaza kuifanya huria, na kutokana na hatua hiyo tukapata OpenJDK, yenye leseni ya GPL toleo la 2 pamoja na ruhusa ya nyongeza iitwayo Classpath. Oracle iliyoinunua Sun mwaka 2010 hutoa pia kifurushi chenye jina lake, Oracle JDK. Mtumiaji wa kawaida haoni tofauti akiwa kazini. Tofauti imo katika masharti.

Chukua duka la jumla lenye wafanyakazi 12 na kompyuta 3. Januari 2023 Oracle ilitangaza malipo ya dola 15 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa kampuni zenye wafanyakazi wasiofika 1,000. Wanaohesabiwa ni wafanyakazi wote, wakiwamo wa muda, wala si wanaogusa kompyuta pekee. Hesabu inakuja dola 2,160 kwa mwaka, na mpakuzi wa mizigo yumo. Duka hilo hilo likiweka Temurin au Corretto, ambazo ni OpenJDK iliyofungashwa na wengine, leseni hailipiwi hata senti.

Wapo wanaoamini kuwa GPL ni mambo ya Linux, hivyo kwenye Windows haiwahusu. Si kweli. Leseni hufuata kifurushi, haifuati mashine. OpenJDK iliyo huria kwenye Linux ni huria pia kwenye Windows, na Oracle JDK ina masharti yake popote utakapoiweka.

Wengine huogopa kinyume chake, kwamba GPL itawalazimisha kuanika msimbo wa programu yao. Ile ruhusa ya Classpath iliwekwa kuondoa hofu hiyo: programu yako inayotumia OpenJDK inabaki yako. Anayepaswa kuwa makini ni fundi anayeuza programu yake ikiwa na OpenJDK ndani. Huyo anasambaza, naye lazima awawezeshe wateja kupata msimbo wa hiyo OpenJDK.

Mtego mbaya zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye kitufe cha kusasisha. Java 8 ya Oracle ilitumika bure madukani kwa miaka, lakini masahihisho yaliyotoka kuanzia Aprili 2019 yalikuja na leseni mpya inayodai malipo kwa matumizi ya biashara. Java 17, iliyotolewa bure Septemba 2021, ilifuata njia hiyo kwa masahihisho ya kuanzia Oktoba 2024. Karani anabofya "kubali" asubuhi kabla ya wateja kuingia, na kampuni imeingia mkataba. Kuacha kusasisha nako si dawa, maana matundu ya usalama hubaki wazi.

Wawekezaji wadogo nao wasidhani hili ni la mafundi. Deni la leseni halionekani kwenye mizania hadi mwenye programu atakapokuja kudai. Kabla ya kununua hisa katika kampuni ya watu wachache, omba orodha ya programu zilizomo katika kila kompyuta, jina la mtoaji na namba ya toleo. Fundi mwenye kujua kazi yake huiandaa kwa siku moja.