Acheni Kutuonya, Fungeni Domeni Zenu

Mmeziona zile ilani. Herufi nyekundu, nembo ya shirika juu, sahihi ya mkurugenzi chini: umma unatahadharishwa kwamba kuna matapeli wanaotuma barua-pepe kwa jina letu, na shirika halitawajibika kwa hasara yoyote itakayotokea. Kisha watu wa uhusiano mwema wanaenda kunywa chai. Kazi imekwisha.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayonikera. Halitawajibika! Mimi nikiona ilani kama hiyo hufungua tarakilishi na kuiuliza DNS swali moja tu: domeni ya shirika hili imetangaza ni seva zipi zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake? Mara nyingi mno jibu ni kimya. Hakuna rekodi. Au rekodi ipo, lakini imeandikwa kwa namna inayosema "mkiona barua ya kutiliwa shaka, ipokeeni tu". Yaani mwenye nyumba ameuacha mlango wazi, halafu anabandika karatasi ukutani kuwaonya wapita njia kuhusu wezi.

Hoja yangu ni hii. Kazi ya kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako ni yako wewe mwenye domeni. Si ya mama anayelipa karo, wala ya kijana anayetafuta kazi, wala ya mhasibu aliyepokea ankara yenye akaunti mpya ya benki. Zana za kufanya kazi hiyo zipo, hazilipiwi, na zilizo kongwe kati yake zina umri wa kutosha kupewa kitambulisho cha taifa.

Turudi nyuma kidogo kwa ajili ya wasiojua jinsi mambo yalivyoharibika. SMTP, itifaki inayobeba barua-pepe, ilichapishwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa watafiti wachache waliojuana. Seva inayotuma inasema MAIL FROM na kutaja anwani. Seva inayopokea inajibu 250 OK. Basi! Hakuna anayeuliza kitambulisho. Ndani ya barua kuna mstari mwingine wa "From", ule unaouona wewe kwenye skrini, na huo nao mtumaji anauandika apendavyo. Nikiwa na seva yangu naweza kukuandikia kama Rais, kama askofu wako, kama wewe mwenyewe. (Barua taka zenyewe zilikuwepo hata kabla ya SMTP: Mei 1978 Gary Thuerk wa kampuni ya DEC aliwatumia watu wapatao 400 wa ARPANET tangazo la tarakilishi. Yeye angalau alitumia jina lake.)

Sasa fikiria tunavyoishi hapa Kenya. Jaribu kupeleka fomu ya basari bila muhuri wa chifu. Jaribu kudai cheti chochote katika ofisi ya umma kwa barua isiyo na muhuri. Utarudishwa nyumbani hata kama karani anakujua tangu utotoni. Sisi ni watu wa muhuri! Lakini ofisi hiyohiyo ikifungua barua-pepe inayosema "lipa milioni mbili kwenye akaunti hii mpya", muhuri haukumbukwi tena, na tunaamini jina lililoandikwa juu ya bahasha.

Kuna wanaosema wamepata dawa yao. Unamwandikia mtu barua, na kabla haijamfikia unapokea jibu la mashine: "Sikufahamu. Bofya kiungo hiki uthibitishe kuwa wewe ni binadamu." EarthLink ya Marekani iliwapa wateja wake mfumo wa aina hiyo mwaka 2003, na bado wapo wanaoutumia na kuuza mingine kama huo. Nimewahi kumtumia mteja ankara ambayo yeye mwenyewe aliiomba, nikajibiwa na mashine yake kwamba nijitambulishe kwanza. Huo ni utovu wa adabu, lakini utovu wa adabu naweza kuuvumilia. Ubovu wake hasa uko kwingine: mashine hiyo inapeleka swali kwenye anwani iliyotajwa katika barua, na katika barua taka anwani hiyo mara nyingi ni ya kughushi. Kwa hiyo mtu asiye na hatia, ambaye anwani yake imeibwa na tapeli, anaamka asubuhi na kukuta maswali mia tatu kutoka kwa watu asiowajua. Umehamisha taka kutoka uani kwako hadi uani kwa jirani, na unajisifu kwamba kwako ni safi. Zaidi ya hayo, mashine mbili za namna hiyo zikiandikiana, kila moja inaingojea nyingine ijitambulishe, na barua yenyewe haifiki. Na unawafundisha watu kubofya viungo katika barua wasizozitarajia! Tapeli gani hatakushukuru?

Kuna pia seva ambazo zikipokea barua hupiga hodi kwa seva ya domeni iliyotajwa na kuuliza kama anwani hiyo ipo. Ipo. Sasa? Ofisi ya mkuu wa shule nayo ipo, na hilo halionyeshi kwamba barua uliyoshika imetoka humo.

Suluhisho linalostahili jina hilo lina sehemu tatu, na zote anaziweka mwenye domeni, mara moja, bila kumsumbua anayemwandikia.

Ya kwanza ni SPF, iliyoanza na Meng Weng Wong mwaka 2003 na kuchapishwa kama RFC 4408 mwaka 2006. Ni mstari mmoja wa maandishi katika DNS unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma. Seva inayopokea inaangalia anwani ya IP ya aliyebisha na kuilinganisha na orodha. Ni nzuri lakini ina tundu: inakagua anwani ya bahasha, ile ya MAIL FROM, wala haiangalii "From" unayoiona wewe. Tapeli anaweza kuweka domeni yake kwenye bahasha, apite SPF bila shida, kisha ndani aandike jina la benki yako.

Ya pili ni DKIM, iliyozaliwa kwa kuunganisha kazi ya Yahoo na ya Cisco, ikachapishwa mwaka 2007. Huu ndio muhuri wenyewe. Seva yako inatia saini ya kidijitali kwenye barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi unakaa katika DNS ambako yeyote anaweza kuutumia kukagua saini. Maandishi yaliyosainiwa yakibadilishwa njiani, saini inakataa.

Ya tatu ndiyo inayofanya hizo mbili ziwe na maana: DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012 na kuchapishwa kama RFC 7489 mwaka 2015. Inadai kwamba domeni iliyopita SPF au DKIM ikubaliane na domeni ya "From" inayoonekana. Isipokubaliana, mwenye domeni ameshasema mapema nini kifanyike: p=none, iacheni ipite; p=quarantine, itupeni kwenye folda ya taka; p=reject, ikataeni mlangoni.

Hapo kwenye p=none ndipo waoga wetu wanapojificha. Mkaguzi wa mifumo anauliza "mna DMARC?", wanajibu "tunayo!", anaweka alama ya vema, anaondoka. Lakini p=none haimzuii mtu yeyote. Imekusudiwa iwe kipindi cha kusikiliza, wiki kadhaa, labda miezi, na watu wanaishi humo miaka. Wengine nao wana SPF inayomalizika kwa +all, ambayo maana yake ni kwamba dunia nzima inaruhusiwa. Wengine wameweka rekodi mbili za SPF, na sheria inasema zikiwa mbili ni kosa na ukaguzi unakwama hapo.

Mwaka jana binamu yangu, mwalimu aliyehitimu na asiye na kazi, alipokea barua ya kumwita kazini kutoka kwa shirika moja. Anwani ilikuwa ya shirika lenyewe, herufi kwa herufi, bila ujanja wa kubadilisha "l" kuwa "1". Aliombwa shilingi 4,500 za uchunguzi wa afya. Akalipa. Nilipotazama, domeni ile haikuwa na SPF wala DMARC. Tuliwapigia simu. Wakatuambia walishatoa ilani.

Mtoto huyu angefanya nini zaidi? Tunamfundisha "angalia anwani ya mtumaji". Aliiangalia! Ilikuwa sahihi!

Najua pingamizi zenu. La kwanza: watumaji wa taka nao wananunua domeni na kuweka SPF, DKIM na DMARC safi kabisa. Kweli, na asikudanganye mtu kwamba uthibitisho wa mtumaji utamaliza barua taka. Bill Gates alisema huko Davos Januari 2004 kwamba spamu ingekuwa imetatuliwa ndani ya miaka miwili, na sote tunajua kilichofuata. Lakini tofauti ni kubwa. Tapeli akilazimika kutumia jina lake mwenyewe, jina hilo linachafuka, na machujio yanalikumbuka kesho na kesho kutwa. Akitumia jina lako, anayechafuka ni wewe, na siku moja hata barua zako halali zitaanza kuangukia kwenye folda ya taka.

La pili: p=reject inaharibu barua zinazopitia vikundi vya barua-pepe na zile zinazoelekezwa kwenye anwani nyingine. Hili lina uzito. Yahoo ilipoweka p=reject Aprili 2014, vikundi vingi duniani vilivurugika, kwa sababu kikundi kikiongeza kijimstari chini ya barua, saini ya DKIM inavunjika. Lakini hiyo ilikuwa domeni ya mamilioni ya watu binafsi. Idara yako ya fedha haitumi ankara kupitia kikundi cha wapenda ndege.

La tatu ndilo la kweli, ingawa hawalitaji: hawajui ni mifumo mingapi inayotuma barua kwa jina lao. Hapa nawaonea huruma kidogo, maana nimefanya kazi hii. Unaweka p=none pamoja na anwani ya kupokelea ripoti, na baada ya siku chache mafaili ya XML yanaanza kuingia. Unagundua mfumo wa mishahara unatuma kivyake. Mfumo wa karo unatuma kupitia kampuni ya nje. Kuna jarida la wateja ambalo mtu wa mauzo alilifungulia akaunti miaka mitatu iliyopita, akaacha kazi na nywila yake. Kuna mashine ya kunakili huko ghorofa ya pili inayotuma nakala kwa barua-pepe! Na karibu kila mara kuna fomu ya "wasiliana nasi" kwenye tovuti, ambayo aliyeiandika aliamua itume ujumbe ikijifanya ni anwani ya mgeni aliyeijaza. Yaani tovuti yenu wenyewe inaghushi watumaji. Weka domeni yako kwenye "From" na anwani ya mgeni kwenye "Reply-To", ni kazi ya dakika tano. Mingine inachukua simu na subira: huyu mpe ufunguo wa DKIM, yule mwongeze kwenye SPF, mkichunga kikomo cha maulizo 10 ya DNS. Ripoti zikitulia, panda hadi quarantine, kisha reject.

Na mkikodi seva inayobeba domeni mamia pamoja, msiegemee SPF peke yake. Jirani aliyedukuliwa kwenye seva hiyohiyo anaweza kupita kwa jina lenu. Tieni saini.

Msidhani Google na wenzake watawafanyia. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wakubwa SPF, DKIM na DMARC, na Microsoft ikafuata kwa Outlook Mei 2025. Lakini kipimo cha Google na Microsoft ni barua 5,000 kwa siku, na hata p=none inakubaliwa. Shule yenye wazazi 600 haiguswi, na ndiyo tapeli wa karo anayoitafuta. Serikali ya Marekani haikungoja soko: Oktoba 2017 iliziamuru taasisi zake za kiraia zifike p=reject ndani ya mwaka mmoja. Hilo ndilo ninalolitaka kwa kila domeni ya .go.ke, lenye tarehe ya mwisho. Na wanaouza domeni za .ke, mteja akinunua jina na kulilaza tu, mwekeeni "v=spf1 -all" na p=reject tangu siku ya kwanza, hadi atakapotaka kutuma barua.

Haya, fungua terminali sasa hivi. Andika dig TXT _dmarc. na baada ya hiyo nukta, bila kuacha nafasi, domeni ya benki yako, ya sacco yako, au ya shule ya mtoto wako. Ukiona p=reject, wapongeze. Ukiona p=none, waandikie uwaulize wameiweka tangu lini na wanangoja nini. Usipoona chochote, waandikie pia, na uwakumbushe kwamba barua hiyo ungeweza kuituma kwa jina la mkurugenzi wao.