Kusugua Saa Si Kuisafisha

Kutoka Bukoba mjini hadi vilima vya Nshamba wilayani Muleba, wengi huamini kwamba saa ya thamani ya chuma kisichoshika kutu ikipata mikwaruzo midogo hurudishiwa upya wake nyumbani, kwa kitambaa na dawa ya meno, kwa majivu, au hata kwa stilwaya ya kusugulia masufuria, na kwamba anayeiacha na mikwaruzo hiyo ni mzembe. Imani hiyo ni potofu, na hasara inayoletwa nayo hairekebishiki kwa urahisi.

Mkwaruzo ni mfereji mwembamba uliochimbika katika uso wa chuma. Kusugua hakuujazi, bali huuondoa pale tu chuma chote kinachouzunguka kinapokwanguliwa hadi kulingana na kina chake. Kinachoitwa kung'arisha, kwa hiyo, ni kupunguza chuma. Mkulima wa migomba anajua vyema kwamba mundu unaonolewa mwaka hadi mwaka hupungua upana mpaka ukabaki ukanda. Saa hupungua vivyo hivyo, ila mundu hunolewa ili ukate, ilhali saa hulika bila kupata faida yoyote.

Tena saa hulika pale penye ufundi mkubwa zaidi. Kasha la saa, yaani umbo la chuma linalobeba mitambo, huwa na nyuso za aina mbili: uso unaong'aa kama kioo na uso wenye mistari myembamba inayoelekea upande mmoja, na kati ya nyuso hizo hupita ukingo mkali ambao kiwanda kiliukata kwa vipimo. Kidole kilichofungwa kitambaa hakitofautishi uso na ukingo. Kinavuruga mistari, kinaviringisha kingo, na kuziacha pembe nne zinazoshika mkanda zikiwa butu. Mnunuzi anayezijua saa kongwe hukagua kingo hizo, na akiziona zimelika hushusha bei, hata kama saa inang'aa.

Dawa ya meno yenyewe haistahili sifa inayopewa. Nyingi zina chembe za kabonati ya kalsiamu, ambayo ni laini kuliko chuma, hivyo huondoa mafuta na jasho tu na kumpa mwenye saa furaha ya uongo. Nyingine zina silika, inayoweza kuufifisha uso uliong'arishwa kiwandani. Wapo watakaosema kwamba kioo cha saa ya zamani kilitakata kwa dawa hiyo, na wanasema kweli, kwa kuwa kioo hicho ni cha plastiki. Lakini plastiki si chuma. Majivu yenye mchanga ni hatari zaidi, kwani madini ya kwazi yaliyomo katika mchanga yana daraja la 7 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, yakikizidi chuma cha saa. Bei kubwa nayo haileti kinga: aina ya chuma ya 904L inayotumiwa na Rolex ilichaguliwa kwa ustahimilivu wake dhidi ya kutu, si kwa ugumu.

Stilwaya ndiyo mbaya kuliko vyote. Nyuzi za chuma cha kawaida huacha vipande visivyoonekana kwa macho ndani ya uso wa saa, navyo hupata kutu, hasa katika unyevu wa Bukoba, ambako mvua hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Hapo mwenye saa, akiona madoa ya kahawia, hulaumu kiwanda au hudhani ameuziwa saa bandia. Kumbe mkwaruzo alioukimbia haukuwa na madhara hayo, kwa sababu chuma kisichoshika kutu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ambayo ikikutana na hewa huunda utando wa kinga hata ndani ya mkwaruzo.

Saa isiyopitisha maji, ambayo kitufe chake cha kutilia majira kimefungwa barabara, inatosha kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini, kisha ikakaushwa; vumbi jekundu linalokwama kati ya pingili za mkanda litoke kwanza, maana hilo ndilo linalokwangua chuma kila siku. Saa ambayo uzuiaji wake wa maji una shaka ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Na kwa kuwa mafundi wengi huhesabu kung'arisha kuwa sehemu ya matengenezo, anayempelekea fundi saa kwa kazi ya mitambo amwambie waziwazi, kabla kasha halijafunguliwa, kwamba chuma chake kisiguswe.