Petroli ao chimie: mutoto asome nini?

Wazazi, watoto wengi wenye diplôme d'État wanataka kusoma petroli, sababu wanasikia iko na makuta mingi. Lakini kazi iko wapi? Petroli ya Congo inatoka Muanda tu, kule kwenye bahari. Mu 2022 serikali ilitangaza kutoa kwa makampuni bloc 27 za petroli. Mwezi wa kumi 2024 ikafuta mpango huo. Huku Kolwezi, Likasi na Fungurume, asidi inayeyusha mukuba mu mawe, kisha umeme unautosha mu ile maji. Hiyo ni kazi ya chimie. Tena, kusafisha petroli ni chimie vilevile: mwenye chimie anaweza kuingia kule kesho. Mwenye petroli kuingia usine ya mukuba, iko nguvu. Mbele ya kulipa unif, muulize mutoto: kazi utaifanyia wapi?